Sanduku la Yotham

Chombo chenyewe kilikuwa kidogo, hakizidi mche wa sabuni. Plastiki nyeupe, taa moja mbele, na waya mweusi uliopanda ukutani mpaka kwenye sola ya juu ya bati. Kilikaa barazani kwa Bibi Bernadetha, juu ya rafu aliyoifuta vumbi kila asubuhi na kuitandikia kitambaa alichodarizi mwenyewe, cha maua ya bluu. Watu wa kitongoji walikiita Posta.

Huku milimani Mwese simu haishiki mtandao mpaka upande kileleni, na ukifika kileleni umeshasahau ulichotaka kusema. Ndiyo maana Posta ilipendwa. Ukiwa na neno kwa mtu wa Mpanda, unakaa kwenye benchi la Bibi, unarekodi sauti yako kwenye simu, simu inalikabidhi neno kwa Posta, na Posta inalishika. Shadrack wa bodaboda, anayeshuka asubuhi na kupanda jioni kila siku isipokuwa Jumapili, alikuwa na chombo kingine kama hicho kimefungwa kwa nati chini ya siti ya pikipiki. Akikaribia pale kwa Bibi, vyombo viwili vinasalimiana kwa hewa tu. Kile cha pikipiki kinalia pip, na maneno ya watu yameshapanda. Akifika mjini kwenye mtandao, kila neno linakwenda kwa mwenyewe. Majibu yanarudi kwa njia hiyohiyo.

Aliyekileta alikuwa Emelyne, binti mrefu wa Mishamo aliyesomea kompyuta. Siku hiyo aliwaketisha watu barazani akawaeleza, na Bibi Bernadetha alimsikiliza huku anachambua maharage kwenye ungo.

"Msidhani hili ni jambo jipya," Emelyne alisema. "Kompyuta za zamani, mimi sijazaliwa, hazikuwa zimeunganishwa muda wote. Moja inaushika ujumbe, inangoja, njia ikifunguka inaupitisha kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu. Baadaye watu wakaona huo ni ushamba. Kila mtu akataka kuongea na mwenzake moja kwa moja, wazo lile likatupwa kama jembe lililolika. Sasa limerudi. Hata wale wanaopeleka mitambo mbali huko angani wanalitumia, maana huko nako mawasiliano yanakatika kama hapa."

"Kwa hiyo sisi na watu wa angani ni ndugu," Shadrack alidakia. "Nikifika mwezini nitapakia abiria wa kurudi?"

Watu wakacheka. Emelyne naye alicheka, kisha akaendelea. "Na sheria yake ni ileile ya zamani. Aliyeupokea ujumbe ndiye mwenye mzigo. Hiki hapa hakifuti neno la mtu mpaka kile cha pikipiki kiseme nimepokea. Kikinyamaza, hiki kinaendelea kushika."

Vidole vya Bibi Bernadetha vilisimama kwenye maharage. "Huyo ni Yotham," alisema.

Wazee waliokuwapo walielewa. Yotham alikuwa mume wa Bibi, marehemu sasa, na enzi hizo ndiye aliyekuwa akishuka Mpanda kwa baiskeli kupeleka asali. Watu walimpa barua zao. Hakuajiriwa na mtu. Walimpa tu, kwa sababu alikuwa anakwenda. Barua zililala kwenye sanduku lake la bati, la rangi ya bluu, chini ya kitanda, na kufuli juu yake. Siku ya safari anazitoa, anazifunga kwenye nailoni, anaondoka. Akirudi hakai. Hagusi hata maji ya kunywa mpaka apite nyumba kwa nyumba aseme, "Imefika. Nimemkabidhi mwenyewe mkononi." Baadaye yalikuja magari, zikaja simu, kazi ile ikafa. Sanduku likabaki na vitenge vya Bibi na vidonge vya kufukuza nondo.

"Kumbe mzee Yotham alikuwa kompyuta," alisema Vénérande, jirani wa nyumba ya pili, mama mwenye sauti iliyozoea kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. "Ndiyo maana alikuwa hacheki."

Kabla ya kuondoka Emelyne aliacha maagizo. Msikimwagie maji. Msikianike juani. Msikifunike na kitu cha bati, bati linakiziba mdomo. Bibi aliitikia ndiyo, ndiyo, huku anammiminia Shadrack uji wa ulezi kwenye kikombe cha kijani cha chuma. Kikombe hicho kilikuja kuwa cha Shadrack. Kila asubuhi alipiga honi mara mbili pale njiani, chombo kikalia pip, naye akaegesha na kunywa uji wake amesimama, kofia ya pikipiki mkononi.

Msimu wa mvua ulipokolea, Joséline binti wa Vénérande alipata mchumba. Joséline alikuwa Mpanda akijifunza ushonaji, na mchumba aliitwa Malale, mtoto wa Mzee Kashinje, Msukuma mwenye ng'ombe anayekaa pembeni ya mji. Wazee wa Malale walitangaza kuwa watapanda Jumamosi kuleta posa. Vénérande alisafisha uwanja, akaazima viti, akamweka jogoo mmoja pembeni kwa kumfunga mguu. Kwake hili halikuwa jambo dogo. Yeye ni wa ukoo uliotoka Burundi, wakwe hao ni wa ukoo wenye ng'ombe, na alitaka waone kuwa huku juu nako kuna watu.

Alhamisi jioni habari ikafika kuwa shemeji yake amefariki, kijiji cha ng'ambo ya bonde.

Vénérande alikuja barazani kwa Bibi amefunga kanga kiunoni, macho mekundu. Bibi alikuwa anasuka ukili. Vénérande alikaa kwenye benchi, akaisogeza simu mdomoni kama mtu anayetaka kuila.

"Mzee Kashinje, shikamoo. Ni mimi Mama Joséline. Tumepatwa na msiba. Tafadhali msije Jumamosi hii, hamtatukuta, sote tutakuwa msibani. Nawaomba mtusamehe, nitawaambia siku nyingine. Leo ni Alhamisi." Akageuka kwa Bibi. "Nimesema vizuri, dada?"

"Umesema vizuri. Shadrack atalishusha kesho asubuhi."

Taa ya Posta ilipepesa ikatulia. Neno limeshikwa. Vénérande akaondoka na roho nyepesi kidogo, akavuka bonde usiku huohuo na watu wa nyumbani kwake.

Alfajiri ya Ijumaa karibu kitongoji kizima kilikwenda kuzika. Bibi Bernadetha alikuwa wa mwisho kutoka, maana aliagizwa abebe sufuria kubwa la ugali. Alifunga madirisha, akafunga mlango wa uani, akatoka barazani, na hapo akaiona Posta juu ya rafu, peke yake, inamtazama kwa taa yake. Nyumba zote zitakuwa tupu. Kule bondeni walishaiba betri ya sola ya mwalimu mchana kweupe.

Akaichomoa waya. Taa haikuzimika, kwani chombo kilikuwa na betri yake ndani. Alikiviringisha kwenye kile kitambaa cha maua, akaingia chumbani, akalivuta sanduku la bluu kutoka chini ya kitanda. Alikilaza katikati ya vitenge, akafunika, akabana kufuli, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kanga. Alijisikia vizuri. Barua za watu zilikuwa zimelala palepale zilipokuwa zikilala siku zote.

Alirudi Jumapili jioni amechoka, miguu imevimba. Kabla hajavua viatu alikitoa chombo, akakirudisha kwenye rafu na waya wake. Jumatatu Shadrack alipiga honi mbili, pip ikalia, akanywa uji, wakazungumza habari za msiba na matope ya njiani. Wala hakuna aliyewaza kitu.

Jibu lilipanda na pikipiki Jumatatu usiku, na Jumanne asubuhi Shadrack alisimama kunywa uji wake kama kawaida. Vénérande alikuwa tayari yupo barazani, na majirani kadhaa waliokuja kungojea maneno yao. Alijua Kashinje anatuma salamu za pole, na labda siku mpya, basi akaifungulia simu sauti yote ili watu wasikie wakwe zake wanavyosema kwa heshima.

"Mama Joséline," ilisema sauti nzito ya mzee. "Mimi Kashinje. Jumamosi nimekuja kwako na wazee wangu. Gari limekwama kwenye tope tukalisukuma, na goti langu hili unalijua lilivyo. Tumefika, tumepiga hodi. Tumekaribishwa na kuku. Kuku, mayu, mama wee! Na jogoo mmoja amefungwa mguu, anatuangalia. Tumerudi. Leo Jumatatu ndiyo naletewa sauti yako, eti msije Jumamosi, tuna msiba. Msiba gani unatangazwa wageni wakishageuza? Kama binti hamtupi, semeni tu hamtupi. Malale ana miguu, ataoa kwingine. Basi."

Vénérande aliiweka simu mapajani taratibu. Kisha akageuka kumtazama Shadrack, aliyekuwa na kikombe mdomoni.

"Nilirekodi Alhamisi."

"Inawezekana, mama."

"Si inawezekana! Nilirekodi Alhamisi, nimekaa hapahapa. Dada Bernadetha alikuwepo, anasuka. Dada, si Alhamisi?"

"Alhamisi," Bibi alisema.

"Na Ijumaa ulipita hapa?"

"Nilipita," Shadrack alisema. "Lakini haikulia. Nilipiga honi, kimya. Nikapunguza mwendo, kimya. Nikasema watu wote wako msibani, nani atakuwa ametuma neno? Nikashuka zangu."

"Haikulia! Jumatatu ikalia, Jumanne ikalia, Ijumaa ya neno langu haikulia. Kwani mashine ina wivu? Mwenye wivu namjua mimi." Vénérande alisimama. "Nani alikuwa anampakia binti yangu bure mpaka stesheni? Nani alimnunulia kandambili? Ulidhani sijui? Ukasikia anaposwa, ukalikalia neno langu mpaka wageni wadhalilike!"

"Kandambili zilikatikia kwenye pikipiki yangu, mama, ningemwacha atembee peku?" Shadrack alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

Haikulia. Bibi Bernadetha alikuwa amesimama mlangoni na upawa wa uji mkononi. Ijumaa haikulia. Akamsikia yule binti wa Mishamo kama yuko nyuma ya bega lake: bati linakiziba mdomo. Uji ulikuwa unadondoka kutoka kwenye upawa, unamwangukia mguuni, wa moto, na hakuutoa mguu.

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini Vénérande alikuwa ameanza kulia, majirani wamemzunguka, mmoja anasema huyu kijana si wa kuaminiwa na mwingine anasema alishamwona siku nyingi. Shadrack aliweka kikombe juu ya rafu, kando ya Posta, uji nusu. Akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga.

Nitasema kesho, Bibi alijiambia. Wakitulia.

Kesho yake alichukua kisamvu kilichotwangwa, akaenda kwa Vénérande akiwa amekusudia. Vénérande alimkalisha kwenye kiti kimoja cha vile vya kuazima, ambavyo bado havijarudishwa. "Dada, wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini hapa," alisema. "Joséline analia huko mjini, kula hali. Malale hamjibu. Posta ingekuwa mikononi mwako wewe mpaka Mpanda, haya yasingenipata." Bibi alikitazama kile kisamvu. Akasema kinahitaji karanga. Akarudi nyumbani.

Asubuhi hiyo pikipiki ilipita bila honi. Pip ililia, naye Shadrack hakusimama. Bibi alibaki barazani ameshika kikombe cha kijani kilichojaa, kinatoa mvuke. Abiria nyuma ya pikipiki hakuwapo. Ilisemekana mwenye duka wa kitongoji cha juu amemnyang'anya mizigo yake na kumpa dereva mwingine, maana asiyeweza kubeba neno atabebaje sukari? Baadhi ya watu wenye maneno walianza kupanda tena kileleni kwa miguu. Jioni mwenyekiti wa kitongoji alitangaza kuwa amemwita Emelyne, aje Jumamosi akitoe chombo kwenye pikipiki ya Shadrack akifunge kwa mwingine. Na chombo kile ndicho kilichompa Shadrack abiria. Watu walipanda kwake kwa sababu ndiye mtu wa Posta.

Bibi alianza kubishana na nafsi yake. Nani kasema ni sanduku? Binti alisema tu, wala hakuonyesha. Pengine ni mvua. Pengine kweli kijana alilikalia neno, wivu ni kitu kibaya. Alipojisikia anawaza hivyo juu ya Shadrack, alikaa chini kwenye kinu.

Basi Alhamisi alifanya jambo. Aliposikia pikipiki inakuja kwenye kona ya mianzi, alikinyakua chombo, akakiingiza kwenye sanduku, akafunika, akakaa juu ya mfuniko kama mtoto anayeficha kitu. Pikipiki ilikaribia, ikapita, ikaenda. Kimya. Akangoja mpaka jioni, chombo kikiwa kwenye rafu. Pikipiki ilipopanda, pip, ikasikika mpaka jikoni.

Hapo alikuwa amejua. Na alipogeuka aliona kosa la pili: maneno ya watu waliorekodi jana yake, ambayo yangeshuka asubuhi, alikuwa ameyafungia tena. Safari hii hakuwa na mwizi wa kumsingizia. Ili kuipima hatia yake alikuwa ametumia maneno ya wengine.

Maji hayakumshuka. Aliyaweka mdomoni akayatema. Alimkumbuka Yotham anavyorudi na vumbi mpaka kwenye kope, amesimama mlangoni, yeye anampa kata ya maji na Yotham anaisukuma kwa mkono: bado, sijamaliza. Zamani ilimuudhi. Alikuwa akimwambia, watu gani hao wenye haraka ya kusikia imefika? Si watangoja?

Emelyne alifika Jumamosi na begi mgongoni, matope magotini. Watu walijaa barazani kuliko siku ya kwanza. Shadrack aliegesha pikipiki katikati ya uwanja, akatoa spana, akachuchumaa, akaanza kufungua nati za chombo mwenyewe, bila kungoja kuambiwa.

"Subiri kwanza nikipime," Emelyne alimwambia. "Huenda ni chombo. Nitakipeleka mjini nikiangalie."

"Chombo hakina kosa," Vénérande alisema. "Pima moyo wake huyo."

"Acha nifungue, dada," Shadrack alisema. "Nikibaki nacho, kila neno litakalochelewa hapa Mwese litakuwa langu. Hata mvua ikichelewa mtasema nimeikalia."

Mmoja akacheka, akajizuia. Nati ya kwanza ilitoka. Shadrack aliiweka juu ya jani la mgomba kwa uangalifu, isipotee.

Bibi Bernadetha aliingia chumbani. Watu walisikia kitu kinaburuzwa kwenye sakafu, kinakwaruza, kinagonga kizingiti. Akatoka amelivuta sanduku la bluu kwa mkono mmoja, mpini wake ukilia. Akalileta mpaka barazani chini ya rafu, akafungua kufuli, akainua mfuniko. Harufu ya vidonge vya nondo ikatoka.

"Ijumaa ya msiba Posta ilikuwa humu," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Akaichukua Posta kutoka kwenye rafu, akailaza juu ya vitenge, akafunika. "Hivi. Niliogopa wezi. Nikafunga na kufuli nikaenda kupika ugali. Shadrack alipita, na neno lako, Vénérande, lilikuwa humu ndani linapiga kelele, na hakuna anayelisikia. Nikalitoa Jumapili. Ndiyo maana likashuka Jumatatu."

Emelyne aliweka mkono juu ya mfuniko wa bati, akafumba macho kidogo. "Bibi, kosa ni langu. Nilisema mara moja tu, watu wakiwa wanacheka. Ningerudia."

"Ulisema, nikasikia," Bibi alisema. "Usinisaidie, mwanangu."

"Mana yanje, Mungu wangu," Vénérande alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Dada. Jumatano ulikuja kwangu na kisamvu."

"Nilikuja kusema. Nikasema karanga."

Shadrack alikuwa bado amechuchumaa. Hakuinua kichwa. "Ulijua lini, Bibi?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Ileile. Ulivyosema haikulia. Ulikuwa umeshika kikombe."

Alitikisa kichwa kama mtu anayehesabu kitu akapata jibu asilolitaka. "Wewe ulisimama pale mlangoni," alisema. "Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Nilisema, Bibi atanitetea, ananijua." Akachukua ile nati kutoka kwenye jani, akaanza kuirudisha mahali pake.

Baada ya muda Emelyne alisema linaweza kurekebishwa upesi, Bibi arekodi sauti amweleze Mzee Kashinje, Shadrack ashuke nayo.

"Hapana," Bibi alisema. "Hili nimelishika mimi. Sitaliweka chini mpaka nimkabidhi mwenyewe." Akamgeukia Shadrack, na ikamwia vigumu kumtazama usoni. "Kama utanibeba."

Shadrack alifuta siti kwa kiganja. "Panda," alisema.

Wakashuka. Bibi alikaa upande, ameshika kanga yake, na kila walipofika kwenye tope Shadrack alimwambia tu "shuka" na "panda". Kwenye mteremko mmoja alimshika mkono asianguke, kisha akauachia haraka.

Mzee Kashinje alikuwa uwanjani kwake, goti limefungwa kitambaa, anatazama ndama wanaorudi. Alimpa Bibi kigoda, akaagiza maziwa. Bibi aliyapokea akayaweka chini bila kuyaonja, akaeleza yote, tangu msiba mpaka kufuli. Hakuliruka sanduku, wala Jumanne, wala kisamvu. Alipomaliza mzee aliwahesabu ndama mpaka wa mwisho akaingia.

"Mayu," alisema, "unaniambia goti langu limeharibika kwa ajili ya sanduku?"

"Kwa ajili yangu, mzee."

"Nilidhani ni dharau. Nimewasema watu wa huko juu mpaka msikitini na kanisani, kote. Kumbe mlilifungia neno pamoja na nguo!" Alicheka ghafla, akamwita mkewe aje asikie. Mkewe hakucheka, alimtazama Bibi kwa huruma, na hiyo ilimuuma zaidi. Kisha mzee akapangusa macho. "Mwambie Mama Joséline tunampa pole ya msiba. Tutakuja baada ya matanga. Lakini yule jogoo tusimkute hai. Umepokea?"

"Nimepokea," Bibi alisema. Ndipo akanywa maziwa.

Walipanda jioni, jua limeshalala upande wa Ziwa Tanganyika. Bibi hakuingia kwake. Alipelekwa moja kwa moja kwa Vénérande, akasimama mlangoni, akasema, "Imefika. Nimemkabidhi mwenyewe," akatoa na jibu lote, pamoja na la jogoo. Vénérande alicheka huku analia, akamshika mikono. Kisha akatazama nyuma ya Bibi, njiani, ambapo Shadrack alikuwa anangoja juu ya pikipiki na injini inawaka. "Shadrack, baba," aliita. "Ulimi wangu mrefu." Shadrack aliinua mkono kuonyesha amesikia.

Mbele ya nyumba yake Bibi alishuka polepole, mgongo unauma. "Nisamehe, mjukuu wangu," alisema. "Si kwa sanduku. Kwa zile siku."

Shadrack alitazama taa ya pikipiki inavyomulika baraza, rafu, kitambaa cha maua. Chini ya siti chombo kikalia pip, kikabadilishana maneno na mwenzake. "Nimesikia, Bibi," alisema. Akatia gia.

Kusikia si kupokea. Bibi aliijua tofauti. Alifundishwa na mumewe, na sasa na yule binti wa Mishamo.

Mfuniko wa sanduku aliung'oa bawaba, akautumia kuanikia dagaa. Sanduku lenyewe lipo barazani wazi, lina maharage. Watu walirudi kwenye benchi, mwenye duka akamrudishia Shadrack mizigo yake, na Emelyne alibandika karatasi ukutani yenye picha ya bati lililopigwa mstari mwekundu.

Jumatatu Bibi alimimina uji kwenye kikombe cha kijani, akaufunika na kisahani, akauweka juu ya rafu kando ya Posta, unapoonekana kutoka njiani. Pikipiki ilipita. Pip. Uji ukapoa, akawapa kuku. Jumanne alimimina tena, na Jumatano, na hakusogeza kikombe hata kidogo, kiwe palepale kijana alipokiacha.

Alhamisi, kwenye kona ya mianzi, honi ilipigwa. Mara moja, si mbili. Bibi alikuwa ameshasimama, upawa mkononi.